Gunia Juu ya Ubao: Sarufi ya Kueleza Kani katika Mteremko

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo moja la fizikia lijulikanalo na kila aliyepitia shule ya upili, yaani kani zinazotenda juu ya kitu kilichowekwa kwenye mteremko, na kuonyesha kwamba ufafanuzi wa jambo hilo hutegemea sarufi zaidi ya unavyotegemea msamiati. Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza jambo hili limefuata nini hapa. Jibu ni kwamba mjadala wetu kuhusu Kiswahili na sayansi umekuwa, kwa miaka mingi, mjadala wa nomino. Tumeulizana neno hili tuliite nini, na neno lile tulikope au tulibuni. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na imezaa matunda: TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, wengi waliokuwa wakidai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi walipungukiwa na hoja. Lakini orodha ya istilahi haielezi chochote. Anayeeleza ni msemaji, naye hueleza kwa sentensi.

Kilichonisukuma kuandika ni tukio dogo. Kijana mmoja, jirani yangu, aliniletea daftari lake la fizikia. Alikuwa amechora kitu juu ya mteremko, akakitia mishale minne ya kani: mmoja wa uzito ukielekea chini, mmoja wa ubao ukielekea nje, mmoja wa msuguano ukipanda mteremko, na wa nne ukishuka mteremko. Jibu lake lilikuwa limetiwa alama ya kosa, naye hakujua kwa nini. Somo hilo, kama ilivyo kawaida katika shule za Kenya, alikuwa amefunzwa kwa Kiingereza. Mimi si mwalimu wa fizikia, nikamwuliza swali la mtu wa lugha: "Mshale huu wa nne, kitu hiki kinasukumwa na nani?" Akafikiri kwa muda, kisha akasema, "Hakisukumwi na mtu, Mwalimu. Kinateremka tu." Hapo nilitambua kwamba kosa lake halikuwa la hesabu.

2. Mfano wenyewe

Tuchukue mfano unaoonekana kila siku katika masoko yetu. Hamali anataka kupakia gunia la mahindi la kilo 90 katika lori. Sakafu ya lori iko mita 1.2 juu ya ardhi. Hamali ameegemeza ubao wenye urefu wa mita 4, ncha moja chini na ncha ya pili juu ya sakafu ya lori, na gunia limetulia katikati ya ubao. Vipimo hivi nimevichagua kwa ajili ya wepesi wa hesabu.

Kabla ya kwenda mbali hatuna budi kutofautisha mambo mawili ambayo lugha ya sokoni huyaita kwa jina moja. Mfanyabiashara husema "uzito wa kilo 90". Katika fizikia, kilo 90 ni kiasi cha mata kilichomo katika gunia, nacho huitwa tungamo, au masi kwa wapendao neno la mkopo. Uzito ni kani ambayo dunia hulivuta gunia hilo, na kani hupimwa kwa newtoni. Tukikadiria kwamba kila kilo moja huvutwa kwa newtoni 10 (kwa hakika ni karibu 9.8), basi uzito wa gunia letu ni newtoni 900. Gunia hilohilo likipelekwa mwezini, tungamo lake litabaki kilo 90, bali uzito utapungua hadi kiasi cha sehemu moja ya sita. Mwenye kuuza mahindi hana haja na tofauti hiyo. Mwanafunzi wa fizikia hawezi kuendelea bila kuijua.

3. Kani ina mtenda na mtendwa

Neno kani, katika matumizi ya kawaida, hubeba maana ya ukakamavu na hata ubishi. Mtu hufanya jambo kwa kani. Wanasayansi walilichukua ili kulitenga na nguvu, neno ambalo limetwishwa mzigo mkubwa mno: nguvu ya mwili, nguvu za umeme, nguvu za serikali. Uteuzi huo ulikuwa mwema. Hata hivyo, tukisema "kani ya gunia" tumesema nini? Je, ni kani ambayo gunia hulitendea jambo lingine, au ni kani ambayo gunia limetendewa? Kiunganishi -a kinaruhusu maana zote mbili, kama vile "mapenzi ya mama" yanavyoweza kuwa mapenzi aliyo nayo mama kwa mwanawe au mapenzi aliyo nayo mwana kwa mamake. Katika ushairi utata huo ni utajiri. Katika fizikia ni chanzo cha makosa, kwa sababu kani daima ni jambo la vitu viwili: kimoja hutenda na kingine hutendwa.

Kauli ya kutendwa huondoa utata huo mara moja. Tuyatazame tena mambo yanayolipata gunia, kila moja kwa sentensi yake:

(a) Gunia linavutwa na dunia.
(b) Gunia linasukumwa na ubao.
(c) Gunia linazuiwa na uso wa ubao lisiteleze.

Sentensi ni tatu, na kani ni tatu. Ukitafuta sentensi ya nne huipati, kwa kuwa hakuna kitu kingine kinachoshughulika na gunia. Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: kani isiyoweza kuandikiwa sentensi ya kutendwa yenye mtenda anayetajwa, isichorewe mshale.

Sasa twaweza kuona kilichompotosha yule kijana. Kitenzi teremka ni ndugu wa anguka, poromoka na inuka: vitenzi ambavyo mwisho wake wa -ka humwonyesha mhusika akipatwa na hali bila kumtaja anayesababisha hali hiyo. Tunaposema "gunia linateremka", lugha inaturuhusu kudhani kwamba kuteremka ni tabia ya gunia lenyewe au ni kazi ya mteremko. Lakini lugha hiyohiyo imetuwekea kitenzi pacha: teremka ina teremsha, anguka ina angusha, poromoka ina poromosha. Mwalimu akiuliza "Nani analiteremsha?", mwanafunzi analazimika kumtafuta mtenda, naye atamkuta ni dunia, ambayo imekwisha kuhesabiwa katika sentensi (a). Mshale wa nne ulikuwa ni mshale wa kwanza uliohesabiwa mara ya pili.

Kuhusu kani iliyo katika sentensi (b) kuna tahadhari ya istilahi. Kani hiyo hutoka katika ubao ikielekea nje, ikifanya pembemraba na uso wa ubao. Wapo wanaopenda kuiita kani wima, na juu ya sakafu iliyo sawa jina hilo halina madhara. Juu ya mteremko ni kosa. Wima ni mwelekeo wa timazi ya mwashi, nao haubadiliki hata ubao uinamishwe namna gani. Kani ya ubao huinama pamoja na ubao. Mimi napendekeza iitwe kani himili, kutokana na kuhimili, kwa sababu jina hilo linataja kazi yake, yaani kuuzuia uzito usilizamishe gunia ndani ya ubao, na halidai lolote kuhusu mwelekeo ambao haunao.

4. Mgao wa uzito

Dunia, tukisema kwa mfano, haina habari kwamba kuna ubao. Hulivuta gunia kwenda chini wima kwa newtoni 900, basi. Lakini gunia haliwezi kwenda chini wima, kwani ubao umeziba njia. Linaweza tu kufuata ubao. Kwa hivyo twaugawa uzito mara mbili: fungu linaloelekea chini sambamba na ubao, na fungu linaloukandamiza ubao kwa pembemraba. Mafungu haya nayaita migao. Neno hili nalipenda kwa sababu kitu kilichogawanywa hakiongezeki. Mwenye shamba aliyewagawia wanawe wawili hana mashamba matatu. Vivyo hivyo, anayechora migao miwili ya uzito hana budi kuufuta mshale wa uzito wenyewe, ama sivyo ameuhesabu mara mbili.

Ukubwa wa migao hupatikana kwa uwiano wa pande za pembetatu iliyofanywa na ubao, ardhi, na kimo cha lori. Mgao wa kuufuata ubao ni uzito mara kimo kwa urefu wa ubao, uwiano uitwao saini: mita 1.2 kwa mita 4 ni 0.3, na 900 mara 0.3 ni newtoni 270. Mgao wa kuukandamiza ubao ni uzito mara msingi wa pembetatu kwa urefu wa ubao, uwiano uitwao kosaini: msingi ni karibu mita 3.82, uwiano ni 0.954, na mgao ni karibu newtoni 859. Kwa kuwa gunia halizami ubaoni wala haliruki, kani himili nayo ni newtoni 859.

Msomaji ataona kwamba migao hii ikijumlishwa kama fedha hupita 900. Hapana kosa. Kani zina mwelekeo, nazo hujumlishwa kama safari: mtu aendaye hatua 3 mashariki na 4 kaskazini yuko mbali na alipoanzia kwa hatua 5, si 7.

Hapa mteremko unatufunulia jambo ambalo sakafu iliyo sawa hulificha. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliweka kanuni kwamba kitu kimoja kikikitenda kingine, hutendwa nacho kwa kani iliyo sawa na yenye mwelekeo wa kinyume. Wanafunzi wengi, wakiona gunia sakafuni limehimiliwa kwa newtoni 900 na lina uzito wa newtoni 900, hudhani kwamba uzito na kani himili ndio jozi aliyoitaja Newton. Mteremko unaikanusha dhana hiyo, maana uzito ni 900 na kani himili ni 859. Kipimo cha kisarufi ni rahisi: jozi ya kweli hupatikana kwa kubadilishana mtenda na mtendwa huku kitenzi kikibaki kilekile. "Ubao unalisukuma gunia" jozi yake ni "gunia linausukuma ubao". "Dunia inalivuta gunia" jozi yake ni "gunia linaivuta dunia". Sentensi yenye dunia haiwezi kuwa jozi ya sentensi yenye ubao.

5. Msuguano

Kanuni hiyohiyo ya Newton imekwisha kuandikwa katika umbo la neno msuguano. Asili yake ni sugua, ikapitia kauli ya kutendana, suguana, ndipo ikawa nomino. Kiambishi -an- kinatuambia kwamba hakuna asuguaye asisuguliwe: ubao hulizuia gunia lisishuke, na gunia huuvuta ubao kwenda chini kwa kani iliyo sawa. Hali kadhalika mvutano wa dunia na gunia. Msemaji wa Kiswahili anayetamka maneno haya huitamka pamoja nayo nusu ya somo, ijapokuwa kwa kawaida hatambui.

Ukubwa wa msuguano hueleweka vibaya mara nyingi. Tuseme gunia na ubao vina uwiano wa msuguano wa 0.4 wakati gunia limetulia. Maana yake ni kwamba msuguano unaweza kufikia 0.4 ya kani himili, yaani karibu newtoni 344, na hauwezi kupita hapo. Je, msuguano ni 344 sasa hivi? La. Gunia limetulia, mgao wa kushuka ni 270, basi msuguano nao ni 270. Kama ungekuwa 344, gunia lingepanda ubao lenyewe, jambo ambalo hakuna hamali aliyebahatika kuliona. Tofauti hapa ni ya unazuia na unaweza kuzuia, na mwanafunzi asiyeisikia tofauti hiyo katika sentensi hataiona katika hesabu.

Sasa hamali abadilishe ubao, achukue mfupi wa mita 2.4. Mteremko unakuwa wa digrii 30. Mgao wa kushuka unapanda hadi newtoni 450, na kani himili inapungua hadi karibu 779, hivyo msuguano hauwezi kupita 312. Gunia litateleza. Likisha kuteleza, uwiano wa msuguano kwa kawaida hupungua. Tuseme ni 0.3, na msuguano ni karibu newtoni 234. Kani inayobaki ni 450 kutoa 234, yaani 216. Tukiigawa kwa tungamo la kilo 90 twapata mchapuko wa 2.4, yaani kila sekunde kasi yake huongezeka kwa mita 2.4 kwa sekunde. Aliyesimama chini ya ubao ana sababu ya kuondoka.

Ubao mrefu unamfaa hamali kwa namna nyingine pia. Kulisukuma gunia lipande ule ubao wa mita 4 kwa kasi isiyobadilika kunahitaji newtoni 270 za mgao na kama 258 za msuguano, jumla 528, badala ya 900 za kulinyanyua. Lakini atalisukuma kwa mita 4 badala ya kulinyanyua kwa mita 1.2, na kazi yote itakuwa kubwa zaidi kwa ajili ya msuguano. Amepunguziwa kani, hakupunguziwa kazi.

6. Mteremko na lugha za watu

Historia ya jambo hili inatuhusu sisi watu wa lugha kuliko tunavyodhani. Kanuni ya mgao wa uzito katika mteremko ilielezwa kwa njia ya ajabu na Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, katika kitabu alichokitoa mwaka 1586. Alichora pembetatu ambayo upande mmoja wa mteremko una urefu mara mbili ya mwingine, akaivisha mkufu wa tufe 14 zilizo sawa: 4 juu ya mteremko mrefu, 2 juu ya mfupi, na 8 zikining'inia chini. Je, mkufu utazunguka? Ukizunguka, kila tufe itakalia mahali pa mwenzake, hali itabaki ileile, na mkufu utazunguka milele pasipo kusukumwa, jambo aliloliona Stevin kuwa upuuzi. Basi mkufu umetulia. Zile 8 za chini zimening'inia sawasawa pande zote mbili, waweza kuziondoa. Zinabaki 4 zilizosawazishwa na 2. Mteremko ulio mrefu mara mbili, kwa kimo kilekile, huupunguza mgao kwa nusu. Hakutumia saini wala kosaini.

La kuzingatia ni kwamba Stevin hakukiandika kitabu hicho kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya wakati huo. Alikiandika kwa Kiholanzi, akakitanguliza kwa insha ndefu ya kutetea ubora wa lugha hiyo katika sayansi. Alibuni istilahi kutokana na mizizi ya lugha yake, na Waholanzi hadi leo huiita hisabati wiskunde, neno linalotokana na ubunifu wake. Galileo Galilei naye, kitabu chake cha mwaka 1638 kinachoeleza majaribio ya tufe za shaba zilizobingirishwa katika mfereji wa ubao ulioinamishwa, alikitunga kwa mazungumzo ya Kiitaliano, ingawa nadharia zenyewe aliziweka kwa Kilatini. Newton alitumia Kilatini mwaka 1687, bali kitabu chake kuhusu nuru, mwaka 1704, alikitoa kwa Kiingereza. Lugha ambazo leo twaambiwa ni za sayansi kwa maumbile zilikuwa wakati huo lugha za sokoni zilizokuwa zikijaribiwa.

Stevin alitia chumvi katika utetezi wake, nasi tusimfuate huko. Sidai kwamba Kiswahili kina fizikia ndani yake ambayo lugha nyingine hazina. Kiunganishi -a kina utata, kama tulivyoona. Kauli ya kutendeka nayo humficha mtenda kabisa, kwani "gunia limesukumika" haituambii limesukumwa na nani. Wala sarufi haimpi mtu jawabu la 859. Hilo hupatikana kwa hesabu. Ninachodai ni kwamba lugha hii ina vyombo vya kutofautisha yale ambayo fizikia inataka yatofautishwe, na kwamba vyombo hivyo hulala bure mpaka mwalimu avitumie.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba uchanganuzi wa kani katika mteremko una hatua nne: kukitenga kitu na kuandika kila kani kwa kauli ya kutendwa, kuugawa uzito bila kuuongeza, kutofautisha msuguano uliopo na ule unaowezekana, na kujumlisha kani zilizobaki. Hatua tatu kati ya hizo ni za lugha kabla ya kuwa za hesabu. Ikiwa ni hivyo, basi wajibu wa idara za lugha haukomi kwenye kutunga orodha za istilahi na kuwakabidhi wanasayansi. Inatupasa kukaa pamoja na walimu wa fizikia na kuchunguza sentensi: kitenzi gani kinamtaja mtenda, kipi kinamficha, na ni wapi mwanafunzi anapotea.

Yule kijana aliufuta mshale wake wa nne. Kisha aliandika sentensi tatu pembeni mwa mchoro, kwa Kiswahili, na chini yake akaandika hesabu kwa Kiingereza kama mtihani wake unavyotaka. Sikuona haja ya kumsahihisha.